Njia ya Ukutani

Mtaa ule ulikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa, na wala haikuandikwa popote. Nyingine zote watu walizipiga chenga. Taka zilitupwa chini ya kibao kinachokataza kutupa taka, honi zilipigwa mbele ya zahanati kutwa nzima, na wenye maduka walipanga bidhaa mpaka barabarani utadhani lami waliimwaga wao. Lakini ukutani, chini ya lile baraza refu lililounganisha maduka ya upande mmoja, hakuna aliyethubutu kuweka kitu. Si ndoo, si stuli, si robota la vitambaa. Upana wa mtu mmoja kutoka ukutani ulikuwa wa Mkandaji, na mjadala ulikwisha hapo.

Mkandaji alikuwa mwanamke asiyeona tangu udogo wake. Kazi yake ilikuwa kukanda watu kwenye zahanati ya mwisho wa mtaa: migongo iliyokaza, mabega yaliyoteguka, miguu ya wazee iliyokufa ganzi. Asubuhi alishuka kwenye kona na fimbo yake nyeupe, akaja akigonga, ko, ko, ko. Akifika nguzo ya kwanza ya baraza anasimama, anaikunja ile fimbo vipande vipande na kuitia kwapani. Kisha analaza kiganja ukutani na kwenda zake kichwa juu, kama mtu anayetoka chumbani kwenda sebuleni kwake. Alimsalimia kila mtu bila kuambiwa ni nani: muuza vitambaa alimjua kwa mkasi, kinyozi kwa mashine yake, muuza nyama kwa kisu kinavyokwaruza kinoo. Mtaa mzima ulijidai kwa fimbo ile kukunjwa. Mgeni akitua kikapu ukutani, muuza vitambaa alimtolea macho. "We, ondoa hicho. Kwetu sisi fimbo hukunjwa."

Na aliyejidai kuliko wote alikuwa fundi kufuli, ambaye watu walimwita Minyororo.

Jina hilo hakulipata bure. Ujanani alinunua pikipiki yake ya kwanza kwa jasho lililomtoka mpaka kwenye kope, akaiacha nje ya duka la mkate dakika mbili, akatoka na mkate tu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ya pili alipoinunua, aliifunga usukani, akaipitishia mnyororo gurudumu la mbele, mwingine la nyuma, na kufuli ambalo hata yeye mwenyewe lingemtesa kulifungua bila ufunguo. Aliipenda, jamani! Aliifuta kwa kitambaa laini kuliko taulo lake. Aliiita Bi Mkubwa, na shangazi yake alipokuwa akimsumbua ataoa lini na mvi ndizo hizo zinabisha hodi, alijibu, "Mbona nimeshaoa, Shangazi? Yuko nje, anakunywa petroli."

"Utazikwa na kufuli kifuani," shangazi akamwambia.

Sasa, pikipiki za mtaa ule zilipangwa mstari mmoja kando ya lami, mikia kwenye ukingo, vichwa vikitazama barabara, ili kila mtu aondoke bila kumgusa jirani. Mwenye mstari alikuwa mlinzi mmoja, askari mstaafu, Kamanda kwa jina la mtaani. Kamanda alikuwa na sharti moja: usifunge usukani. Ukifunga, hataweza kuisogeza pikipiki yako kumpisha mwenzako, na mstari utaota mapengo. Watu wakaacha usukani wazi na kumwachia Kamanda macho. Minyororo hakuweza.

"Mimi nauza kufuli, Kamanda, halafu chombo changu kikae wazi? Wateja watanielewaje?"

"Basi ya kwako ikae mwisho kabisa, pale mtaroni, isinivunjie gwaride."

Ikakaa pale miaka na miaka, na mnyororo wake umefungwa kwenye nguzo ya taa, na maisha yakaenda.

Mgongo ndio uliowakutanisha fundi na Mkandaji. Mtu anayeinamia matundu ya kufuli kutwa nzima, akifika umri fulani mgongo unadai haki yake. Siku moja alishindwa kunyooka, akaenda zahanati amepinda kama ndoano, akalazwa kifudifudi. Mikono ya Mkandaji ilipita mgongoni mwake taratibu, kiganja bapa kwanza, kikipapasa kabla ya kukandamiza.

"Wewe ni wa funguo," akasema. "Nakusikia kila asubuhi kiunoni zinavyolia. Na bega hili la kulia limebeba chuma kizito. Unabeba nini, fundi?"

"Minyororo."

"Ya nani?"

"Ya Bi Mkubwa."

Ikabidi aeleze. Mkandaji alicheka mpaka akaacha kukanda, na fundi, uso ukiwa umezama kwenye mto, akajikuta anatamani mgongo usipone haraka. Ukapona. Akaendelea kwenda, mara bega, mara shingo, mara kidole gumba ambacho hakikuwa na lolote. Mkandaji alikipapasa kidole kile, akakirudisha kwa mwenyewe. "Hiki kizima, fundi. Ukitaka kuongea na mimi, si uje tu tuongee?"

Basi wakaongea. Jioni Mkandaji akitoka kazini, alisimama kidogo mlangoni kwa fundi, mgongo ukutani, fimbo kwapani, wakapiga soga mpaka msongamano wa magari upungue. Fundi alimwambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu, jinsi anavyoogopa kupoteza vitu, jinsi anavyoamka na kuchungulia dirishani kama pikipiki ipo. Naye Mkandaji akamwambia jambo moja ambalo fundi alilishika sana. "Watu wanadhani nachoka kwa kutoona. Mimi nachoka kwa kujihadhari. Kutwa nzima mwili umejikaza, ukingoja kugongwa. Isipokuwa hapa ukutani kwenu. Hapa ndipo napumzika nikitembea."

Moyo wa fundi ulijaa. Wiki hiyo hiyo alimwendea shangazi yake.

"Mwanangu, mimi nyonga zinaniuma, kwa watu siendi mara mbili," shangazi akasema. "Una hakika?"

"Nina hakika, Shangazi."

"Na Bi Mkubwa umeshampa talaka?"

Shangazi akajitanda, akaenda. Mkandaji alikaa kwa kaka yake, seremala mpole, mtu wa maneno ya kuhesabu, pamoja na wifi yake. Kaka akasema yeye hana neno, mwenye neno ni mwenyewe. Mwenyewe akaitwa, akaketi, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwambie namshukuru. Lakini mimi siwi mke wa pili kwa pikipiki." Wote wakacheka, hata seremala. Cheko lilipotulia akaongeza kwa sauti nyingine, "Naomba nafasi nifikiri. Jibu nitampelekea mwenyewe, kwa miguu yangu. Asije mtu kuniulizia."

Fundi alipoletewa maneno hayo alitafuna kucha. Asubuhi Mkandaji alipita, "Habari za asubuhi, fundi," akaenda zake. Jioni akapita, wakaongea habari za mvua na za wagonjwa, na jibu halikutajwa. Fundi hakuuliza. Alikuwa anajua kungoja kufuli gumu. Ukililazimisha, unavunja ufunguo ndani. Lakini usiku alimwambia Mungu, akikubali huyu, mimi sitaki kingine.

Ndipo pikipiki ya muuza nyama ikaibwa.

Na ilivyoibwa ni kichekesho, ila kwa mwenyewe. Alikuja mtu amevaa helmeti, kioo cheusi kimeshushwa, amebeba mfuko wa nyama mkononi kama mteja anayetoka buchani. Akaiendea pikipiki ya muuza nyama kwenye mstari. Ilikuwa imebanwa na nyingine mbili. Kamanda, kwa ukarimu wake, akazisogeza zile mbili, akaishika ile kwa nyuma, akamsaidia bwana kuigeuza, akamsimamishia na magari barabarani. "Pita, pita mkuu!" Yule akampigia saluti, akaondoka. Muuza nyama alipotoka kuitafuta, Kamanda alikuwa angali anatabasamu.

Mtaa ulicheka kwa aibu, lakini Minyororo hakucheka hata kidogo. Kumbukumbu ya ule mkate ilimrudia mbichi kabisa.

"Si niliwaambia?" alisema, akizunguka dukani kwake. "Si niliwaambia mimi? Macho ya mtu si kufuli!"

Kesho yake mchana aliitwa kufungua mlango wa mama mmoja aliyejifungia nje, mtaa wa mbali, juani. Aliporudi na Bi Mkubwa, kwenye nguzo ya taa kule mtaroni palikuwa na mkokoteni wa mtu umefungwa. Mstarini kwa Kamanda? Thubutu! Akaitazama barabara, akautazama mlango wake, akaona dirisha la duka lenye nondo nene alizochomelea mwenyewe. Hapakuwa na chuma imara kama kile mtaa mzima. Akaipandisha Bi Mkubwa barazani, akaielekeza kichwa ukutani kama punda horini, akapitisha mnyororo gurudumu la mbele na nondo, akabana kufuli. Mkia ukabaki nje. Pikipiki ilikuwa imeikata njia ya ukutani kwa ubavu, na lile bomba la moshi, lililotoka kuchemka safari nzima, lilitazama upande wa zahanati.

Muuza vitambaa akauacha mkasi wake hewani. "Fundi! Hapo ni ukutani."

"Najua."

"Unajua, halafu?"

"Dada, mwenyewe anapita asubuhi na jioni. Sasa hivi mchana. Kabla ya jioni nitakuwa nimeitoa, wala usijipe presha."

"Haya. Nimenyamaza," akasema muuza vitambaa, na hakufurahi.

Fundi akaingia ndani, akaketi kwenye kiti chake, akashika tupa, akaanza kusugua ufunguo wa mteja aliyekuwa akingoja. Mtu akitua mzigo wa hofu hupata maneno. Akawa anamweleza yule mteja jinsi alivyoifunga. "Siku hizi silindi kwa macho mimi. Nalinda kwa masikio. Mtu akiigusa tu, mnyororo unaniita." Na mteja akawa anaitikia, ee, ee, maana alitaka ufunguo wake aende.

Kumbe mchana ule Mkandaji alikuwa ameomba ruhusa. Wagonjwa walikuwa wachache. Alinawa mafuta mikononi, akajipaka manukato kidogo, mfagizi wa zahanati akamtania, "Unakwenda wapi hivyo?" akasema, "Napeleka barua." Akatoka. Kwenye nguzo ya mwisho ya baraza akaikunja fimbo. Akalaza kiganja ukutani, akaja, na waliomwona walisema alikuwa anatabasamu peke yake.

Goti ndilo lililofika kwanza. Likapiga chuma, na mnyororo ukalia.

Mkandaji hakupiga kelele. Alishangaa tu. Akainama, na mkono ule ule uliokuwa ukutani akaushusha kutazama ni nini, kama alivyozoea kutazama kila kitu duniani, kiganja bapa kwanza. Akaulaza juu ya bomba.

Na ndani, fundi aliusikia mnyororo. Hakutazama. Aliruka na tupa mkononi, akapiga ukelele uliosikika mpaka kwa kinyozi. "Mwizi! Mwizi huyo! Mshikeni!"

Jamani, ulimi hauna mfupa. Muuza nyama alichomoka buchani na kisu, maana yeye donda lake lilikuwa bichi. Kamanda akaja na rungu, akitafuta kulipa deni la jana. Mchukuzi mmoja, mgeni wa mtaa, aliyekuwa jirani zaidi, akamkamata Mkandaji bega na kumsukuma ukutani. Fundi akatokeza mlangoni. Akamwona ameukumbatia mkono wake kifuani, uso umegeukia kule sauti ilikotoka, fimbo imeanguka chini.

"Ni mimi, fundi," Mkandaji akasema.

Mchukuzi akaachia. Kamanda akashusha rungu. Na pale, mbele ya wote, mkono wa fundi, kabla yeye mwenyewe hajautuma, ulikwenda kwenye kufuli la Bi Mkubwa na kulivuta, ka-ka, kuona kama limeshika. Mazoea yana laana. Alifanya hivyo kila apitapo karibu nalo, miaka yote, kama mtu anavyofikicha jicho. Lakini siku hiyo mtaa ulikuwa unamtazama, na baraza lilikuwa kimya, na ule mlio ulisikika.

"Maji!" muuza vitambaa alipaza sauti. "Mmesimama nini? Leteni maji, kaungua huyu!"

Wakamkalisha, wakammiminia maji kiganjani ndoo baada ya ndoo. Ngozi ilikuwa imevimba nyeupe kuanzia vidoleni mpaka chini ya dole gumba. Fundi alipiga magoti mbele yake akisema samahani, samahani, sikujua, nilidhani, na kila neno lilikuwa bovu kuliko lililotangulia. Mkandaji aliuma meno. Alipoweza kusema, alimwambia muuza vitambaa, "Dada, naomba fimbo yangu. Na unishike mkono mpaka zahanati." Akaikunjua ile fimbo kwa mkono mmoja, kwa shida, akaondoka akigonga chini ya baraza. Kwa mara ya kwanza mtaa ule ukaisikia fimbo ikigonga pale. Muuza nyama aliinamisha kichwa. Kinyozi alizima mashine.

Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Fundi aliitoa pikipiki ukutani saa ile ile, akaisukuma mpaka kwenye mstari wa Kamanda, akaiacha bila mnyororo, usukani wazi. Kamanda aliitazama, akamtazama yeye. "Sasa, fundi?" akasema polepole. "Si ungefanya hivyo tangu mwanzo?"

Shangazi alikwenda kumjulia hali mgonjwa. Aliporudi hakuvua hata viatu.

"Mkono umefungwa kitambaa. Daktari kasema utapona, ila vidole viwili vitachukua muda kupata hisia, na kazi ya kukanda asiiguse kwa sasa. Wifi yake ndiye anayemlisha." Akaketi, akapangusa uso. "Nimekulea kwa mikono hii. Kwa watu nimekutetea mpaka mate yakanikauka. Lakini mwanangu, kumwita mwizi? Mtu asiyeona?"

"Sikumwona, Shangazi."

"Hukumtazama," shangazi akasema. "Kutoona ni kwake yeye."

Fundi alikwenda mwenyewe. Seremala alimpokea mlangoni kwa adabu, akamwekea kiti uani, akamwita dada yake, akaenda kukaa mbali kidogo na randa yake, akisugua ubao ambao tayari ulikuwa laini. Mkandaji akatoka akishikwa na wifi yake. Akaketi. Mkono uliofungwa ukalala mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Funguo umeziacha nyumbani," akasema.

"Nimeziacha. Niliona aibu kuja nazo zinalia."

Fundi alikuwa amejiandalia maneno njiani, mengi na mazuri, na sasa yalimtoka mawili tu.

"Naomba unisamehe," akasema.

"Nimekusamehe. Ningekuwa sijakusamehe nisingetoka." Akageuza uso kidogo, akimtega sikio. "Mkono utapona, fundi. Ajali ya kuungua hata jikoni ipo. Na la kuitwa mwizi, nalo nimelimeza; uliogopa, na mwoga hupiga kelele kwanza. Nakujua. Ila niliposema ni mimi, nilisikia ukilivuta kufuli."

Fundi alishika kichwa.

"Ulikuwa umeshajua ni mimi," akaendelea, bila kupandisha sauti. "Nilikuwa nimesimama pale nimeungua, umeshajua ni mimi, ukaangalia kwanza kama yenyewe ni salama. Nilikutania, si unakumbuka, kwamba siwi mke wa pili kwa pikipiki? Nilidhani natania."

"Mkono ulikwenda wenyewe. Wallahi sikuutuma."

"Najua hukuutuma. Ndiyo maana naogopa."

Randa ya seremala ilikuwa imesimama. Fundi alitamani kuondoka bila kuuliza, lakini mtu aliyeanguka shimoni hupapasa mpaka chini.

"Siku ile ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kwako. Si nilisema nitakuja kwa miguu yangu?"

"Kusema nini?"

Mkandaji aliugeuza mkono uliofungwa, kiganja juu. "Kukubali," akasema. "Usiniulize tena." Akanyanyua mkono ulio mzima, wifi yake akaja kutoka ndani, wakaingia. Seremala alimsindikiza fundi mpaka njiani. Akampiga bega mara moja na kurudi kwenye ubao wake. Fundi alitembea mpaka kwake kwa miguu akilia wazi wazi, na watu wakampisha wakidhani amefiwa.

Bi Mkubwa aliiuza. Watu walimsifu kwa hilo na yeye hakupenda kusifiwa, kwa kuwa alijua kuuza chuma ni rahisi. Ukutani pakawekewa ulinzi mkali kuliko mwanzo. Hata paka akilala pale, muuza vitambaa alimfukuza. Njia ikawa nyeupe, inang'aa, ila mwenye njia hakupita.

Maana Mkandaji alirudi kazini siku mkono ulipomruhusu, lakini alivuka barabara kwenye kona. Akapita upande wa pili. Upande ule haukuwa na baraza wala adabu. Wauza ndoo walizipanga mpaka mlangoni, mafundi viatu walinyoosha miguu, na pikipiki zilipandishwa njia ya miguu hovyo hovyo, kila moja na uso wake. Alikwenda kwa fimbo hatua kwa hatua, mabega yamepanda, mwili umejikaza ukingoja kugongwa. Fundi alimwona kutoka mlangoni kwake, ng'ambo ya magari, na aliumia kuliko siku ya uani.

Kesho yake alivuka mapema, kabla hajafungua duka. Akawaamkia wauza ndoo. Wakamtazama, huyu wa upande wa pili anataka nini? Akaanza kuwaomba, mmoja mmoja. Ndoo zisogee kidogo. Miguu ikunjwe kidogo. Wengine walimcheka, mmoja alimtukana, naye akasema asante. Pikipiki zilikuwa ngumu zaidi, maana wenyewe walikuwa wameziacha na kwenda zao, na nyingine zimefungwa usukani. Alizinyanyua mkia, akazigeuza, mkia ukingoni, kichwa barabarani, kama Kamanda alivyotaka miaka yote. Kabla ya kuisogeza kila moja, aliweka mkono wake juu ya bomba. Mgongo ulimuuma, na hakwenda kukandwa.

Ikawa kazi yake ya kila asubuhi. Akimaliza, anajibanza kando, funguo amezifunga kwenye kitambaa zisilie, anamtazama Mkandaji akipita, anarudi kufungua duka. Hakumsemesha. Alijiambia kuwa hiyo inatosha, na haikutosha.

Kuna asubuhi moja alichelewa. Ilibaki pikipiki moja tu, nzito, imeelekezwa ukutani kichwa kichwa. Alikuwa ameinyanyua mkia, anaisogeza, aliposikia ko, ko, ko, karibu mno. Akaivuta kwa nguvu zote, ikatoka, akasimama nayo mikononi akihema. Fimbo ikanyamaza.

"Nani hapo?" Mkandaji akauliza.

Angeweza kunyamaza. Mtu anayehema mtaani anaweza kuwa yeyote. Lakini alimkumbuka yeye alivyosimama ukutani siku ile na kujitaja kwa upole mbele ya kisu na rungu.

"Ni mimi," akasema.

Mkandaji hakuondoka. Aliinua uso, akavuta pumzi. Fundi aliyaona makovu kiganjani, alivyoishika fimbo. Alionekana kama mtu anayetaka kusema jambo, na fundi alingoja kwa moyo wake wote.

"Ndiyo wewe unayepanga hapa asubuhi?"

"Ndiyo mimi."

"Nilihisi." Akatikisa kichwa taratibu. "Asante."

"Njia iko wazi," fundi akamwambia. "Mpaka mwisho. Hakuna kitu. Pita tu."

Mkandaji akasikia. Akageukia mbele, akanyoosha fimbo, akagonga kulia, akagonga kushoto, akagonga tena pale pale alipoambiwa hapana kitu, ndipo akapiga hatua.